Mlango wa Uani

Chiku alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini wala kwa mganga: hakuweza kutazama filamu akanyamaza. Wenzake wakikumbatia mito kwa hofu, yeye alinyoosha kidole. "Uongo huo," alisema, na raha ya watu wote ikaishia hapo.

Aliwachukia hasa wanawake wa zile filamu za nyumba kuvamiwa. Mwanamke yuko peke yake, amesikia kishindo nje, na badala ya kujifungia na kupiga ukelele wa mwizi, anatoka na gauni la kulalia kwenda kuuliza nani yuko huko. "Sasa ukijibiwa ni jambazi, utasema karibu?" Chiku alimuuliza yule mwanamke wa kwenye televisheni, tena kwa hasira. Simu haina chaji. Gari haliwaki. Kisu kiko mezani, yeye anakipita, anakwenda kujificha chini ya kitanda, mahali ambapo hata mtoto wa chekechea angeanza kutafuta.

Hatibu, mumewe, alikuwa mpiga picha za video za harusi. Mwanzoni tabia hiyo ilimkera. Baadaye alipoingiwa na hamu ya kutengeneza filamu yake mwenyewe, akaona kumbe amelala na mali ndani ya nyumba. Filamu aliyoitaka ilikuwa ya kutisha, ya watu wa Tanga, na jina alikuwa nalo kabla ya hadithi: Komeo. Mwanamke peke yake katika nyumba kubwa, majambazi waliovaa vinyago, usiku mmoja. Alimsomea Chiku jikoni, Chiku akikuna nazi.

"Taa zinazimika ghafla," alisoma Hatibu kwa sauti nzito.

"LUKU imeisha."

"Haijaisha! Wamekata waya!"

"Mimi nimekuelewa. Mtazamaji hajui. Atasema huyu anunue umeme tuendelee. Hofu yako yote imekwenda na maji."

Hatibu akaandika kwamba waya uonekane ukikatwa. "Haya. Anapiga kelele, hakuna anayesikia."

"Wapi huko?"

"Hapa hapa Tanga."

"Mume wangu, Mabawa ukidondosha sufuria jirani anauliza kama wali umemwagika. Ukipiga ukelele wa mwizi watatoka na mipini ya majembe, hata wale wasiolima."

Chiku ndiye aliyelifungua fundo. Nyumba iwe hii yao ya Raskazone, yenye kuta nene na bustani kubwa, na kwa jirani kuwe na harusi. Taarabu imefunguliwa hadi mwisho. Mwanamke anapiga ukelele wa kuuawa, na wale wa harusini, wakidhani ni mwenzao ana furaha, wanamjibu kwa vigelegele.

Hatibu aliweka kalamu chini akamtazama mkewe. Ulikuwa mtazamo wa zamani, wa miaka ya uchumba, na Chiku aliishi nao wiki nzima.

Kisha siku moja, amesimama barazani na chai ya wageni, akamsikia Hatibu akiwaeleza wenzake wa kamera: "Lile wazo la harusi kwa jirani nililipata nikizungumza na Najat."

Na hapo ndipo tumfikie Najat. Alikuwa msusi wa Mabawa, mwenye saluni ndogo na sauti ya kukwaruza kidogo, na alikwisha kuigiza vichekesho viwili vitatu vilivyosambaa kwenye simu za watu. Hatibu alimkuta kwenye harusi akimpamba bibi harusi. Ndiye aliyechaguliwa awe mwanamke wa Komeo. Ndiye, tangu Chiku aliporudi kutoka Mwera kumuuguza mama yake, aliyekuwa ndani ya kila sentensi ya Hatibu. Najat anasema hivi. Najat anaona vile. Hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi, Najat naye alikuwa na la kusema kuhusu chumvi.

Chiku alikuwa na wivu. Tusiupake rangi. Aliamka nao, akaswali nao, akapika nao. Alizitazama picha za Najat kwenye simu akitafuta kasoro, na kasoro aliyoipata, pua, haikumtosha.

Alipomuuliza Hatibu, Hatibu hakukasirika. Alicheka, na kicheko kile kilimuuma zaidi. "Wivu utakuua, mke wangu. Wewe kazi yako kutafuta makosa. Umeishiwa na filamu, sasa umeanza na mimi."

Neno lile lilimwingia kwa sababu huenda lilikuwa kweli. Ni nani asiyejua kwamba Chiku huona makosa? Angekwenda kumwambia nani kwamba anaibiwa, na akaaminiwa? Usiku alijigeuza kitandani akitaka kujua jambo moja tu: naibiwa, au naumwa? Kama anaibiwa, atajua la kufanya. Kama anaumwa, basi anaharibu ndoa nzuri kwa mikono yake mwenyewe. Hilo la pili lilimtisha kuliko majambazi wote wa filamu.

Nyumba ile ya Raskazone haikuwa ya Hatibu. Ilikuwa ya shangazi yake, Bi Hafsa, mjane mnene, mwenye ulimi usiokopesha, ambaye alihamia Mabawa karibu na wajukuu. Siku ya harusi yao Bi Hafsa alimwekea Chiku funguo mkononi mbele ya watu wote. "Nakukabidhi wewe," alisema. "Mwanamume ukimpa funguo atazisahau barazani." Watu wakacheka, Hatibu naye akacheka.

Sasa nyumba ile, mwaka huu baada ya mvua za masika, ilipata kilema. Mlango wa uani ulishuka. Mbao zilivimba, bawaba ya juu ikalegea, na mlango ukawa unakwaruza kizingiti na kugoma kabla ya kufika mwisho. Ukitaka kuufunga ilibidi uuinue kwa nyonga, uubane, ndipo komeo lipate tundu lake. Ukitaka kuufungua kutoka nje, uunyanyue kwanza kwa mpini, kisha ndiyo usukume. Ukisukuma tu, utasukuma mpaka Kiama.

Chiku alimwambia Hatibu amwite fundi. Hatibu akasema inshallah, na inshallah ya Hatibu wanaijua waliomngojea. Mlango wenyewe haukumhusu. Yeye alipita mbele, kwa baraza, kama wanaume wote. Uani ni kwa wanawake. Mwanamke akimtembelea mwenzake hazungukii barazani kukatiza katikati ya wanaume. Hupita nyuma, na jirani anayemwona haulizi, maana anajua amemfuata mwenye jiko.

Ilipokuja hitima ya marehemu baba yake Hatibu, wanawake walijaa uani kupika, na kila mmoja alishindwa na mlango ule. Devota, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mwenye mikono ya Kisambaa iliyozoea jembe, alishindwa. Bi Hafsa mwenyewe alishindwa vibaya kuliko wote. Alidhani ameufunga, akageuka kwenda kuangalia pilau, paka wakaingia wakamaliza sinia nzima ya samaki wa kukaanga. Wanawake walicheka hadi wakasahau kwamba wako msibani. "Nyumba yangu mwenyewe inanifukuza!" alilalama Bi Hafsa, na tangu siku hiyo mlango wa Chiku ukawa mashuhuri. Chiku hakumfundisha mtu. Aliwapita akicheka, akaupiga nyonga, ukajifunga.

Hitima ilipokwisha, habari zikaja kwamba mama yake Chiku ameanguka na kuvunjika mguu, na Chiku akaenda Mwera kumuuguza. Alikaa huko mpaka mama alipoweza kujikongoja hadi uani kwake na kugombana na kuku. Aliporudi Raskazone, nyumba ilikuwa safi mno. Alimsifu mumewe kwa hilo.

Siku ya kurekodi ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Usiku wa filamu ulitengenezwa mchana kweupe: mablanketi yaligongomewa madirishani, taa moja ya bluu ikawekwa iwe mbalamwezi, na joto la ndani lingeweza kuivisha maandazi. Devota aliletwa na chupa ya maji kumnyunyizia Najat jasho la uongo, kazi ambayo haikuwa na maana kwa kuwa kila mtu alikuwa anatiririka jasho lake halali. Jambazi mkuu alikuwa Asheri, fundi wa gereji na mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mwili kama kabati, ambaye kila alipotakiwa kumkaba mtu alisema kwanza, "Samahani, dada."

Najat aliingia kwa baraza pamoja na watu wa kamera. Alisalimia vizuri, akageuzageuza shingo akitazama dari. "Mashallah, dada, nyumba kubwa hii. Choo kiko wapi?"

Chiku alimpeleka mwenyewe. Njiani aliona haya. Huyu binti hata choo hakijui, na yeye amemuua mara ngapi kwa mawazo? Alimwonyesha ndoo na kata, akamwambia asijali bomba, lina kelele. Kwa muda mfupi ule alimpenda kabisa.

Aliporudi chumbani akamkuta Hatibu ameinamia sanduku lake. Amekwisha kutoa doti ya kanga aliyopewa na mama yake siku ya harusi, ile asiyoivaa ila Idi. "Mwenye nyumba lazima avae kama mwenye nyumba," Hatibu alisema bila kumwangalia, akatoka nayo. Baada ya kitambo Najat akapita koridoni nayo kiunoni, na ilimkaa vizuri, na wivu wote ukarudi kwa mwenyewe.

Ndipo Chiku alipokumbuka mlango. Kipande kilichokuwa kinafuata kilimtaka mwanamke wa filamu akimbie kutoka koridoni hadi jikoni, ausukume mlango wa uani, atie komeo, na papo hapo Asheri aufikie kutoka nje na kuanza kuupiga. Kwenye karatasi ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Chiku alijua haitakuwa hivyo. Angeweza kusema, ndiyo kazi aliyopewa, kukaa juu ya kigoda nyuma ya kamera na kusema kosa kabla halijatokea. Akanyamaza. Alinyamaza kwa roho mbaya kabisa, wala tusimtetee. Alitaka Najat ahangaike. Alitaka aonekane mjinga na kanga ya watu, ausukume mlango, auvute, ageuke kuuliza, na Hatibu aone kwamba nyumba ina mwenyewe. Alimtazama Devota kwa pembe ya jicho, na Devota, aliyekumbuka hitima, akauma mdomo asicheke.

"Kimya!" alisema Hatibu. "Kamera. Haya, anza!"

Najat akatokea mbio, miguu mitupu, pumzi juu. Alikuwa mwigizaji, tumpe haki yake. Hata Chiku, aliyejua kwamba jambazi nje ni mwanakwaya, alihisi nywele zikimsimama. Najat akaingia jikoni, akaushika mlango, akausukuma. Mlango ukakwaruza, ukagoma pale pale unapogomea siku zote. Chiku akawa tayari kucheka.

Bila kutazama chini, macho yake bado yako dirishani kana kwamba anamwona jambazi, Najat akageuza nyonga ya kushoto, akauinua mlango, akaubana, na komeo likaingia tundu lake.

Nje Asheri akafika, akasukuma, akasukuma tena. "Mbona umefungwa kweli?" akauliza kwa sauti yake ya kanisani. "Niendelee?"

"Kata! Mashallah!" Hatibu aliruka. "Umeona hiyo? Mwanamke ameogopa, mkono wenyewe unajua pa kwenda! Hiyo ndiyo kuaminika!"

Watu wa kamera wakapiga makofi. Devota hakupiga. Chupa ya maji ilikuwa imelala mkononi mwake, inadondokea sakafuni, naye anamtazama Chiku. Najat alikuwa bado ameshika komeo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa amekwisha fika njiani, akasema, "Mlango mgumu huu, dada."

Amechelewa.

Chiku alikaa juu ya kigoda, na wivu ule wa moto aliouzoea haukuja. Kilikuja kitu cha baridi. Kitanda angekifikiria baadaye, na angelia kwa ajili yake baadaye. Kilichomchoma sasa ni ile nyonga. Mlango wa namna ile haujulikani kwa siku moja. Unaujua baada ya kushindwa, na kushindwa tena, na kucheka, na mtu kukungojea ndani. Mwanamke mwingine amekuwa akiingia kwa uani, jirani wakidhani amemfuata mwenye jiko, na mwenye jiko yuko Mwera anamkanda mama yake mguu. Amekaa vya kutosha hata akajifunza ugonjwa wa nyumba ya watu. Halafu anauliza choo kiko wapi.

"Chiku!" Hatibu aligeuka kwake, anatabasamu, jasho linamtoka. "Kuna kosa?"

Watu wote walimngojea. Alimtazama mumewe usoni akaona kwamba hajui. Yeye hajawahi kuufunga mlango ule maisha yake. Kwake ulikuwa mlango tu, umefungwa na mwanamke.

"Hakuna," alisema Chiku. "Hapo hakuna uongo hata kidogo."

Jioni ile, akimpakulia, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Nilipokuwa Mwera mlifanyia mazoezi hapa?"

"Hapa? Hata siku moja. Tulifanyia ukumbini Mabawa. Najat hajawahi kukanyaga nyumba hii mpaka leo." Akamega tonge. "Si ulimsikia anauliza choo?"

"Nilimsikia."

Alikula naye. Akaosha vyombo. Jibu la swali lake la usiku alikuwa nalo: haumwi. Lakini jibu la mtu mmoja ni nini? Angelisema, Hatibu angecheka kile kicheko chake, ni mlango tu, Chiku, wivu utakuua. Na nani angembishia? Chiku wa makosa. Alihitaji watu wauone wenyewe, kwa macho yao, bila yeye kunyoosha kidole.

Wakati wa kuhariri, Hatibu akaingiwa na shaka. Alikaa mbele ya kompyuta akikirudia kile kipande. "Labda turudie," alisema. "Ahangaike kidogo na komeo, taharuki ipande. Filamu zote komeo husumbua."

Chiku akasogeza kiti karibu. "Ndiyo maana filamu zote ni za uongo," alisema. "Mwanamke mlango wake anaujua. Akiogopa ndiyo kabisa, mwili unakwenda wenyewe. Akihangaika, watu watasema huyu mgeni hapa. Kiache, tena kiache kirefu, nyonga ionekane."

Hatibu alimtazama, mtazamo ule ule wa miaka ya uchumba. "Jicho lako wewe!" alisema, akambusu kipaji cha uso. Chiku alivumilia.

Filamu ilipokamilika, Hatibu alipata ukumbi Mabawa kwa Jumapili alasiri. Mabango aliyabandika yeye. Wanawake aliwaalika Chiku. Hakuwatumia ujumbe, alikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyepika kwenye hitima ile, na wa kwanza alikuwa Bi Hafsa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mimi na mambo ya kutishana wapi na wapi, mwanangu?"

"Njoo tu, shangazi. Utaiona nyumba yako."

"Nyumba yangu naijua."

"Ndiyo maana nataka uje."

Bi Hafsa alimkagua kwa muda. Kisha akasema atakuja, akaagiza awekewe kiti chenye mgongo.

Ukumbi ulijaa. Madirisha yalifunikwa, kitambaa cheupe cha kuonyeshea kikatundikwa mbele, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto popote walipopenyeza. Najat alikaa mbele, gauni jipya, karibu na Hatibu lakini si karibu mno. Hilo nalo walikuwa wamelifanyia mazoezi. Chiku alikaa katikati ya wanawake wa hitima, Devota kushoto kwake, Bi Hafsa kulia.

Filamu iliwashika watu, na lazima tuseme hivyo. Waya ulipokatwa, mtu akapiga kelele, "Kumbe si LUKU!" na ukumbi ukatulia kwa hofu. Ukelele wa Najat ulipojibiwa na vigelegele vya harusi ya jirani, wanawake walishika vifua. "Jamani hawamsikii!" alilia mmoja. Chiku alisikia wazo lake likifanya kazi katika miili ya watu, na hata katika uchungu ule alijivunia.

Kisha Najat akatokea koridoni, miguu mitupu.

"Funga mlango!" wanaume walipiga kelele. "Wa uani! Funga wa uani!"

Upande wa wanawake, mtu mmoja akacheka mapema. Ni mmoja wa wale wa samaki na paka. "Ule?" alisema. "Hawezi ule."

Mlango ukagoma kwenye kitambaa cheupe, mkubwa kama ulivyo. Nyonga ya kushoto ikageuka. Komeo likaingia.

Wanaume walishangilia. Upande wa wanawake hakukuwa na sauti. Mmoja akamgeukia mwenzake. Yule akamgeukia mwingine. Yule aliyecheka alifunika mdomo kwa mtandio. Chiku hakugeuka, alikuwa amekaza macho mbele, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyekwisha kutoa jibu lake.

Bi Hafsa alisimama. Kiti chenye mgongo kililia.

"Hatibu," aliita, na sauti yake ilipita juu ya taarabu ya filamu. "Mlango huo ulinishinda mimi mbele ya watu wa hitima. Ndugu yangu marehemu, samaki wake waliliwa na paka kwa ajili ya mlango huo. Huyu mwari kaufunga kwa nyonga moja, wala hakuutazama. Nani kamfundisha?"

"Kaa, bibi, tunaangalia," alisema mwanamume mmoja kutoka nyuma.

"Shangazi," Hatibu alicheka, "hiyo ni filamu."

"Filamu naiona. Mlango si filamu. Mlango ni wangu." Bi Hafsa akamgeukia Chiku, mbele ya wote. "Ulimfundisha wewe, mwanangu?"

"Hapana, shangazi."

"Alikuja kwenye hitima?"

"Hakuja."

"Wewe ulipokuwa Mwera nani alikuwa nyumbani?"

Devota aliyekaa kando ya Chiku alikuwa anamtazama Hatibu kwa jicho la mwalimu, na wanawake wote wa hitima walikuwa wanamtazama Hatibu, na kicheko kilikuwa kinamtoka usoni taratibu, kwa kuwa ndiyo kwanza anaelewa. Alimtazama Najat. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa maana lilikuwa jibu. Najat alikusanya gauni lake jipya akatoka kwa mlango wa pembeni, na kwenye kitambaa aliendelea kulia peke yake na kanga ya watu.

"Nyumba nilimkabidhi Chiku," Bi Hafsa alisema, akakaa. "Sijabadili neno langu. Haya, endeleeni na mambo yenu."

Chiku hakungoja mwisho, aliujua. Alipanda bajaji na Devota, na Devota alimshika mkono, hakuuachia mpaka Raskazone. Chiku aliufunga mlango wa baraza kwa funguo zote. Akapita jikoni, akautazama mlango wa uani. Akaupiga nyonga mpaka ukakaza. Mkono ukaenda kwenye komeo, akausitisha. Hakulitia. Akavuta kigoda, akateleka chai, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kuficha, kwa ajili ya kitanda.

Jua lilikuwa halijazama Hatibu alipofika. Chiku alimsikia barazani akizungusha kitasa. Alimsikia akiita. Kisha nyayo zikazunguka nyumba, zikapita kando ya pipa la maji, zikaja hadi uani, mahali ambapo hazikuzoea kupita.

"Chiku. Nifungulie tuzungumze."

Chiku alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Hodi," alisema Hatibu. Akausukuma mlango. Mlango ukakwaruza, ukagoma. Akausukuma kwa bega. "Chiku, toa komeo. Usinifanyie hivi, watu wananiona."

"Komeo halijatiwa," alisema Chiku.

Akasukuma kwa nguvu zaidi, mlango haukusogea. "Mbona umefungwa?"

"Haujafungwa, Hatibu. Uko wazi."

Alimsikia akihema upande wa pili wa ubao, mtu mzima, mwenye nyumba, akipapasa mlango wa jiko lake kama mgeni. Aliupiga teke. Akauvuta. Akarudi kuusukuma.

"Unafunguliwaje, basi?" aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

Chiku alijimiminia chai, akaipoza kwa kuipuliza. "Kamuulize Najat," alisema.

Nje, Hatibu akausukuma tena.